Jumaa Yetu na Jumamosi Yao: Neno kwa Viongozi Wapya wa Wanafunzi



Ndugu zangu na dada zangu, hongereni kwa kuchaguliwa. Najua kuna waliosafiri usiku kucha kwa basi kuja hapa, na macho yanawasaliti. Sitawachosha.

Nimeambiwa nizungumze kuhusu viongozi wa wanafunzi na kuishi na watu wa dini nyingine kampasini. Mada hii kwa kawaida ina mtindo wake. Mtu anasimama, anasema dini zote zinahubiri amani, tunapiga picha na padri na pasta, tunakula biriani, tunarudi hosteli. Biriani sina ugomvi nayo. Lakini leo nataka kuwasimulia kosa langu, kwa sababu niliwahi kukaa kwenye kiti mlichokalia nyinyi sasa, na kuna jambo nililiharibu.

Nilikuwa katibu wa chama cha wanafunzi Waislamu chuoni kwetu. Muhula mmoja ratiba ya mitihani ilipobandikwa, tukakuta mitihani mitatu imewekwa Ijumaa, saa tano hadi saa nane mchana. Jumaa ndiyo hiyo imekwenda. Hii mnaijua, wengi wenu imewapata. Tukaandika barua, ikakaa. Tukaandika ya pili, ikakaa juu ya ile ya kwanza. Mwisho tukaamua kukusanya sahihi, na si za Waislamu peke yao, maana tulikuwa wachache na ofisi ilishatuhesabu kwa vidole.

Sasa, mimi nilikuwa nalala chumba kimoja na kijana Msabato kutoka Kisii. Mtu mpole. Kila Ijumaa jioni utamkuta anapiga pasi mashati yake yote mbio mbio kabla jua halijazama, ili Sabato ikiingia awe hana kazi mkononi. Akaniona naihangaikia ile karatasi, akasema, "Lete hapa." Akazunguka nayo hosteli nzima, mlango kwa mlango, ghorofa nne. Akarudi na sahihi nyingi kuliko zangu. Mwenyekiti wa CU naye akatia sahihi na kuwaambia watu wake watie. Ratiba ikabadilishwa. Siku ile musalla ilirindima kwa takbira.

Muhula uliofuata mtihani wake yeye ukapangwa Jumamosi asubuhi.

Akanijia. Hakunikumbusha lolote, aliuliza tu, "Ile barua yenu mliiandikaje?" Nikamjibu, "Tutaangalia." Jamani, mkisikia kiongozi anasema "tutaangalia", jueni amekataa ila hana ujasiri wa kusema hapana. Sababu nilikuwa nazo. Ofisi ndiyo kwanza imetukubalia, tukirudi na shida za watu wengine watatuchoka. Halafu nikajiambia, Wasabato wana viongozi wao, wajitetee. Kumbe wako sita chuo kizima.

Hakuufanya mtihani ule. Aliufanya mwaka uliofuata, na wenzake wakahitimu wakamwacha. Mamake alikuwa ameshaanza kuuliza mahafali ni lini ili akope nauli. Na sisi tukaendelea kulala chumba kimoja, yeye kitanda cha juu mimi cha chini, na hakuwahi kulitaja jambo lile hata siku moja. Angenitukana ningepumua.

Nimelisimulia hili kwa sababu wengi wetu tunaijua haki yetu vizuri sana, ya jirani tunaiona ni shughuli yake. Na hata kwa hesabu baridi ya haki, hilo ni kosa. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 32, haikutuandikia sisi Ijumaa wala haikuwaandikia wao Jumamosi. Inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na inataja kuadhimisha siku ya ibada. Ni kifungu hicho hicho kimoja. Ukikishika upande wako tu, umekikata.

Tazameni mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wasichana Waislamu wa shule moja ya Isiolo waruhusiwe kuvaa hijabu pamoja na sare. Tulishangilia, si ndio? Mwaka 2017 Mahakama hiyo hiyo ya Rufaa ikawaunga mkono Wasabato waliolalamika kwamba watoto wao shuleni wanalazimishwa masomo siku ya Sabato. Ni wangapi kati yetu tuliifuatilia ile ya pili? Mimi nilikuja kuisoma baadaye sana, na nikaona aibu. Hoja ni ile ile: shule ikiweza kumpisha mwanafunzi na imani yake bila kuvunja masomo, impishe. Kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi wa hijabu kwa sababu za kiutaratibu, na wazazi wakarudishwa kwenye kuandika barua na kuomba. Siku kama ile ndiyo unayotafuta mtu wa kusimama nawe ambaye si wa dini yako. Na mtu huyo hapatikani siku hiyo hiyo. Ama ulimtengeneza zamani, ama huna.

Kuna jambo zito zaidi, na siwezi kuzungumza na wanafunzi wa Kenya kuhusu dini chuoni nikalipita.

Alhamisi, Aprili 2, 2015, alfajiri, watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Kikundi cha wanafunzi Wakristo kilikuwa darasani kikisali sala ya asubuhi. Wakawaua pale. Wakaenda hosteli, wakawatenga Waislamu na wasio Waislamu. Watu 148 walikufa, 142 kati yao ni wanafunzi. Wenzenu, wenye CAT za kufanya wiki ile, wenye madeni ya vocha na viatu walivyoazima chumba cha pili.

Wauaji walidai kufanya vile kwa jina la dini yetu. Tulilaani, na ilibidi. Lakini nataka muangalie walichokuwa wanakitafuta. Walitaka mwanafunzi wa Kiislamu na wa Kikristo wasiweze tena kukaa dawati moja. Na mahali pengi, kwa muda, walifaulu. Chuoni kwetu, mbali kabisa na Garissa, dada yetu mwenye nikabu aliketi darasani na watu wa mstari ule wakahama mmoja mmoja, kimya kimya. Ndugu zetu waliokuwa na majina ya Kisomali wakawa wanafunguliwa mabegi langoni huku wengine wanapita. Sisi nasi tukajikunyata musalla, tukawa tunakwenda kula pamoja na kurudi pamoja. Hofu pande zote mbili. Hakuna aliyekuwa na namba ya simu ya mwenzake wa upande wa pili ya kumpigia na kusema, "Mko salama? Sisi tuko hapa."

Desemba mwaka huo huo, basi lililokuwa likielekea Mandera likasimamishwa na wenye bunduki, wakataka abiria watengane. Mwaka mmoja nyuma, Novemba 2014, walifanya hivyo karibu na Mandera na watu 28 wakauawa. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengana. Akina mama wakawavika wenzao Wakristo hijabu. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa, na Januari 2016 akafariki kwa majeraha yale, Mwenyezi Mungu amrehemu. Hawa hawakuhudhuria semina. Walikuwa wamekaa pamoja njiani saa nyingi, wakigawana maji na pengine kuonyeshana picha za watoto. Hilo la picha nakisia tu, lakini mliowahi kupanda basi la Mandera mtanielewa.

Basi. Turudi kampasini, kwenye mambo madogo, maana hapo ndipo mtakapofanya kazi.

Chukueni Ramadhani. Saa tisa na nusu usiku vijana wetu wanaamshana kwa daku kwa kugonga milango, na mwenzako wa chumba cha pili ana mtihani saa mbili. Sasa Ijumaa ya wiki hiyo CU wana kesha, spika zimeelekezwa hosteli, na sisi tunanung'unika kwenye kikundi cha WhatsApp kwamba tunanyanyaswa. Nimeona mambo haya mawili yakitokea wiki moja, kila upande umeandika malalamiko kwa mkuu wa wanafunzi kuhusu mwenzake, na barua zote mbili ziko kwenye faili moja! Ingetosha mwenyekiti wetu na wao wakae kwenye kibanda cha chai dakika ishirini, kalenda mbili mezani: zenu ni lini, zetu ni lini, spika ziangalie wapi, milango isigongwe, mtu atumie kengele ya simu. Fanyeni hivyo wiki ya kwanza ya muhula, kabla hamjaudhiana. Mkifanya baada ya kuudhiana hayo si mazungumzo tena, ni kesi.

Wanafunzi wapya wanaporipoti, sisi huwa tunaweka meza yetu, tunawachukua wa kwetu kwa majina, tunawabebea masanduku. Jambo zuri. Ila pale pale anasimama msichana wa Kihindu peke yake na babake, hajui nani amuulize kama mkahawa wa chuo una chakula kisichopikwa na nyama. Anasimama kijana asiye na dini yoyote, na kila meza anayopita inamuuliza yeye ni wa nani. Kumwonyesha mtu ofisi ya karo hakuhitaji shahada yake. Na tafadhali, usimbebee sanduku halafu mlangoni ukampa kijitabu cha daawa. Daawa ina wakati wake, na mtu aliyechoka na safari anajua tofauti ya ukarimu na chambo.

Kuhusu sisi wenyewe nitapita haraka, kwa sababu mnajua na mnaona haya. Kuna musalla za vyuo ambazo dada zetu wamepewa kona nyuma ya pazia karibu na viatu. Kuna mahali Shia anaswali chumbani kwake kwa kuogopa macho. Jirani anaona hayo yote.

Najua kuna ndugu hapa moyoni anasema, "Lakini ustadhi, tusije tukachanganya dini." Namheshimu kwa wasiwasi huo. Mimi sijakwambia uende kuimba kwaya, wala CU hawajasema waje wasujudu nyuma yako. Surat Al-Kafirun mnaijua kwa moyo tangu chuoni, na mipaka yake iko wazi. Kinachotakiwa hapa ni uadilifu na ujirani, na hivyo viwili havijawahi kumpunguzia mtu imani.

Halafu kumbukeni tulianzaje. Waislamu wa mwanzo walipoteswa Makka, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaelekeza Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo, Najashi. Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishwe. Najashi angeweza kupokea zawadi na kuwatoa. Alikataa kuwatoa kabla ya kuwasikia wenyewe, akamwita Jaafar bin Abi Talib aseme. Akamsikiliza, akawapa ulinzi, na wajumbe wakarudishiwa zawadi zao. Kwa hiyo kabla hatujawahi kuwa na mji wetu wenyewe, tulikuwa wageni kwa mtu wa dini nyingine, na alitusikiliza. Mimi mwenzangu alikuja na swali moja tu kuhusu barua, nikashindwa hata kumwambia kaa tuandike.

Mwaka jana nilimpigia simu. Nilikuwa nimezunguka na maneno yale kwa miaka. Nikamwambia, ndugu yangu, lile jambo la mtihani wako nilikukosea, ulinisimamia na mimi sikukusimamia. Akacheka kwanza, akaniuliza kama bado ninakoroma. Kisha akanyamaza kidogo, nikasikia mtu anamwita kwa nyuma. Akasema, "Nimekusamehe kitambo. Lakini kwa vile umepiga, mdogo wangu ameingia mwaka wa kwanza, na wenzake wa kanisa hapo chuoni ni wanne tu. Ratiba ya mitihani inatoka mwezi ujao."

Akanitajia chuo. Ni kimojawapo cha hivi vyenu mlivyotoka. Sitawaambia ni kipi.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.