Kilo Ishirini za Nani? Uzito wa Mzigo, Namna ya Kubeba na Afya ya Viungo vya Mpagazi wa Kilimanjaro

Mada kwa semina ya wapagazi, waongozaji wa wageni na wahudumu wa tiba ya viungo, Moshi

1. Utangulizi



Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Pale geti la Machame, asubuhi ya msimu wa wageni, methali hii unaiona kwa macho. Begi linatundikwa kwenye mizani, linasoma kilo 20, linaandikwa, linapita. Anayelibeba hapimwi. Kijana wa kilo 52 na mwanamume wa kilo 80 wanaondoka na mzigo sawa. Yule wa kwanza amejitwika karibu asilimia 38 ya uzito wake, wa pili asilimia 25. Na hapo hatujahesabu begi la kila mmoja lenye blanketi na nguo za baridi.

Hoja yangu ni moja: kilo 20 ni ukomo wa kanuni ya hifadhi, si kipimo cha mwili. Ukomo unamzuia mwajiri asizidishe. Mzigo unaomfaa mtu hutegemea mwili wake, njia anayopita, na zaidi ya yote, kama anapanda au anashuka.

2. Goti lina hesabu yake

Wapagazi wengi wanaolalamikia magoti hawalalamikii siku ya kupanda. Wanataja siku ya kushuka Mweka. Kutoka kambi ya Barafu hadi geti la Mweka ni mteremko wa takriban mita 3,000, na sehemu ya chini, ndani ya msitu, ni ngazi za magogo na tope.

Sababu inajulikana. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo vya watu waliowekewa magoti bandia yenye vihisio ndani. Katika kutembea tambarare, goti lilibeba wastani wa mara 2.6 ya uzito wa mwili. Katika kushuka ngazi, lilibeba karibu mara 3.5. Unaposhuka, msuli wa paja haukusukumi mbele. Unafanya kazi ya breki, na breki hiyo hukaza kifupa cha goti dhidi ya paja.

Tuchukue uwiano huo kwa makadirio tu. Mtu wa kilo 60 asiye na mzigo, goti lake hubeba kama kilo 210 kila anaposhuka ngazi. Mwongezee kilo 20 za kampuni na 5 zake, inakaribia kilo 298. Kumbe kila kilo moja unayoitoa kwenye mzigo inaliondolea goti kilo tatu na nusu, hatua kwa hatua, hadi getini.

3. Kichwani au mgongoni?

Hapa mlimani kubeba kichwani tumekurithi. Akina mama wa Marangu na Kibosho hutwika majani ya ng'ombe na mikungu ya ndizi, na ukimtazama mmoja wao kwa nyuma, shingo yake haiyumbi. Sayansi nayo iliwahi kustaajabu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu: walibeba hadi asilimia 20 ya uzito wao, Wajaluo juu ya kichwa na Wakikuyu kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, bila kutumia nguvu za ziada zinazopimika.

Lakini tuusome vizuri utafiti huo. Kwanza, asilimia 20 ya mtu wa kilo 60 ni kilo 12, si 20. Pili, walipimwa wakitembea tambarare. Tatu, kilichopimwa ni pumzi. Shingo na goti havikuulizwa.

Kwenye mteremko, mzigo wa kichwani una kasoro mbili. Huwezi kuinamisha shingo utazame unapokanyaga, kwa hiyo mguu hutua kwa kubahatisha. Na mkono mmoja umeshika begi, kwa hiyo huwezi kutumia fimbo mbili. Utafiti uliofanywa Austria, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba fimbo mbili wakati wa kushuka hupunguza mzigo wa goti kwa asilimia 12 hadi 25. Basi ushauri wangu ni huu: kupanda kwenye njia pana, kichwani si neno ikiwa mzigo ni mwepesi na ngata ni nene. Kushuka, uhamishie mgongoni.

4. Ufundi wenyewe

Kupanga. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, usawa wa mabega. Kitu kizito kikining'inia nyuma kinakuvuta, nawe unainama mbele kukifidia. Kiuno ndicho kinacholipa.

Kutwika na kutua. Lugha yetu ina neno kutwika kwa sababu mzigo mzito ni kazi ya watu wawili. Anayejitwika mwenyewe huku kiuno kimepinda huumia kabla hajapiga hatua. Na wakati wa kutua, usilirushe begi kwa kupinda mgongo. Chuchumaa, au umwite mwenzako.

Kushuka. Hatua fupi, goti likiwa limelegea kidogo, lisikazwe kama mti. Mguu utue wote, si kisigino peke yake. Usikimbie. Najua sababu ya kukimbia: mgeni anatakiwa akute hema limesimama. Hiyo ni ratiba ya kampuni, na ratiba hurekebishika. Gegedu la goti likishalika, halirekebishiki kirahisi.

Mizani inayodanganya. Mtungi wa gesi wa kilo 6 hauna uzito wa kilo 6. Hiyo ni gesi peke yake, chuma hakijahesabiwa. Hema lililonyeshewa usiku halina uzito uliosomwa getini. Kwa hiyo pimeni tena kambini, na chakula kinapopungua, mizigo igawanywe upya badala ya mwenye mayai kutembea mikono mitupu na mwenye hema kuzidi kuelemewa.

5. Mapendekezo

Kwanza, kiongozi wa msafara aandike uzito wa kila mpagazi pembeni ya uzito wa mzigo wake, na wenye miili midogo wapewe mizigo midogo bila kukatwa ujira. Pili, fimbo ziwe vifaa vya kazi, si anasa ya mgeni. Mradi wa Kusaidia Wapagazi Kilimanjaro (KPAP), ulioko hapa Moshi tangu 2003, huwaazima wapagazi nguo za mlimani. Utaratibu wa namna hiyo unaweza kubeba na fimbo. Tatu, goti likivimba, likikwama au likiachia ghafla, mtu asipande safari inayofuata kabla ya kuonana na mtaalamu wa tiba ya viungo.

6. Maswali ya majadiliano

Je, mpagazi anaweza kusema "huu ni mzito kwangu" bila kupoteza safari? Kama hawezi, ni nani katika chumba hiki atakayesema kwa niaba yake? Naomba tuanzie hapo, na waongozaji wajibu kwanza.