Ardhi Iuzwayo Mara Moja
Maneno yaliyosemwa mbele ya Wakristo na walimu katika sikukuu ya Jubilei



Nimepewa heshima ya kusema maneno machache katika sikukuu yetu. Wako wengine watakaohesabu makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa, nao wataifanya kazi hiyo vema kuliko mimi. Mimi nataka kusema habari ya ardhi, hasa ya misitu ya wazee wetu wa pwani iitwayo kaya. Tena nitasema habari ya kosa langu mwenyewe, kwa kuwa si haki mwalimu kuwaonya watu juu ya jambo alilolitenda yeye, naye akalificha.

Pengine mtu atauliza, Ardhi ina nini na Jubilei? Ndugu zangu, neno hili tangu mwanzo ni neno la ardhi. Katika torati ya Musa, mwaka wa hamsini baragumu ilipigwa, na kila mtu aliyeuza shamba lake kwa ajili ya shida alirudishiwa. Ardhi haikuweza kuuzwa kabisa kabisa, maana ilikuwa mali ya Mungu, na watu walikuwa wageni tu juu yake. Basi nawaomba mlishike neno hili, kwani nitalirudia kabla sijakaa kitako.

Kaya ni nini? Wazee wa Mijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo, Warabai, Waribe, Wakauma, Wachonyi, Wajibana, Wakambe na Waduruma, husimulia ya kuwa baba zao walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakikimbia vita. Tangu karne ya 16 walijenga miji yao ndani ya misitu minene, hasa juu ya vilima, wakaacha miti iwe boma lao. Katikati walikuwa na moro, mahali pa wazee kufanya shauri. Na fingo, kinga ya mji, ilizikwa mahali pa siri. Watu walipoongezeka na amani ilipopatikana, walitoka kidogo kidogo wakaenda kulima mbali, hata kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa hazikaliwi tena. Lakini makaburi yalibaki, na miiko ilibaki. Hakuna kukata mti, wala kuchunga mifugo, wala kuacha njia iliyowekwa. Kwa sababu hiyo, nchi iliyozunguka ilipofyekwa yote, misitu ile ilisimama. Leo wataalamu wa mimea huja kutazama humo miti ambayo ni adimu kuonekana mahali pengine.

Na sisi Wakristo tuliitendea nini kaya? Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Rebmann walianza kazi yao Rabai. Ardhi waliyojenga juu yake hawakuja nayo merikebuni. Walipokewa na wazee wa Warabai, watu wa kaya. Lakini baadaye wengi wetu tulifundishwa kuiona kaya kuwa giza tupu, na mtu aliyekata mti wa kaya bila hofu alihesabiwa kuwa shujaa wa imani. Wenye nguvu za dunia nao walijua thamani ya mahali pale. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaita Wagiriama wale kiapo cha kutoitii serikali iliyowataka vijana wao kwa kazi. Na mwaka 1914 serikali ya Kiingereza iliibomoa Kaya Fungo kwa baruti. Waliona ya kuwa mahali pale ndipo ulipokuwa moyo wa watu.

Sasa nije kwenye kosa langu. Miaka mingi iliyopita nalikuwa katibu wa baraza la mtaa wetu. Akaja mtu mmoja mwenye maneno ya upole, akitaka kununua sehemu ya shamba la kanisa iliyopakana na msitu wa kaya, apate kuchimba timbo la mawe ya kujengea. Nyumba ya mwalimu ilikuwa ikivuja, nasi tulihitaji mabati. Mzee mmoja wa kaya, ambaye hakuwa Mkristo, alikuja barazani na fimbo yake, akakaa karibu na mlango. Alipopewa ruhusa, alisema, "Wanangu, msitu ule hauna ukuta ila shamba lenu." Hakusema zaidi. Mimi niliandika katika daftari ya kuwa ombi la mzee limesikiwa. Kisha nikainua mkono pamoja na wengine, shamba likauzwa.

Mabati tulipata, nayo leo yamekwisha liwa na kutu. Palipokuwa na shamba pana shimo kubwa. Maji ya masika hutuama humo, mbu huzaliana, na miti ya ukingo wa msitu huanguka shimoni mmoja mmoja. Mzee yule alifariki, nami sikuwahi kumwomba radhi. Naomba leo, mbele yenu.

Tena msidhani ya kuwa hayo ni ya mtaa mmoja tu. Nendeni Diani mkaone jinsi hoteli zilivyopangwa ufukweni, hata msitu umebaki vipande vipande. Katika kisiwa cha Chale, ambacho ni mahali pa kaya, hoteli ilijengwa katika miaka ya 1990, ijapokuwa wazee walilia. Huko Jaribuni, karibu na Kaya Kauma, watu wamechimba mawe ya chuma. Mara nyingi mnunuzi haji na upanga. Huja na hati, na zawadi, na ahadi ya kazi kwa vijana. Huomba kipande kidogo, na mwaka wa pili kipande kingine kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza kibaba pia.

Sheria nazo zimetungwa. Tangu mwaka 1992 serikali ya Kenya imetangaza kaya nyingi kuwa kumbukumbu za taifa, zikawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Na sheria ya urithi ya mwaka 2006 imethibitisha ulinzi huo. Mwaka 2008 UNESCO iliandika misitu kumi ya kaya katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katiba ya mwaka 2010 imehesabu ardhi ya mababu na mahali pa matambiko kuwa ardhi ya jamii, na sheria ya mwaka 2016 imeonyesha njia ya kuiandikisha. Haya yote ni mema. Lakini sheria ni kama ua wa shamba, na ua usio na mlinzi hufunguliwa usiku. Tena ua huo huishia kwenye mpaka wa kaya. Shamba lililo ng'ambo ya mpaka ni letu kulilinda au kuliuza.

Najua mtaniuliza mambo mawili. La kwanza, Je! kulinda kaya si kurudi kwenye mizimu? La, ndugu zangu. Kuheshimu kaburi la babu si kumwabudu babu, na kuacha mti usimame si kuusujudia. Mwenye kuabudu fedha ndiye aliye karibu zaidi na sanamu. La pili, Je! tufe njaa tukilinda miti? Swali hili ni zito, wala silidharau, kwa maana nami niliuza kwa ajili ya nyumba inayovuja. Lakini watu wa Kinondo wametuonyesha njia nyingine. Tangu mwaka 2001 huwaongoza wageni msituni mwao kwa adabu. Mgeni hufungwa kaniki, hutembea katika njia moja, hulipa ada, na ada hiyo huwasaidia watu wa kijiji. Msitu umewalisha, nao ungali umesimama.

Basi nawaomba mambo matatu. Ninyi wa mabaraza ya mitaa, ardhi ya kanisa inayopakana na kaya isiuzwe wala kukodishwa kwa timbo au nyumba za biashara kabla wazee wa kaya hawajaitwa, wakakalishwa penye viti, wala si karibu na mlango. Ninyi wenye mashamba, fuateni mawe ya mipaka mkiwa pamoja na watoto wenu, mkaandikishe ardhi ya jamii ingali ardhi ya jamii. Na ninyi walimu, wapelekeni wanafunzi kwa wazee wakaandike majina ya miti na habari za kaya, maana wazee hawatungoji. Mwanafunzi ajuaye jina la mti na dawa yake hataukata kwa urahisi.

Nilisema nitalirudia lile neno la mwaka wa hamsini. Katika Israeli ya kale mtu aliyeuza shamba lake aliweza kungoja, maana alijua baragumu italia. Kwetu sisi hakuna baragumu. Tumefika Jubilei, tumeimba na kushukuru, lakini shimo lile karibu na kanisa letu halikurudi kuwa shamba, wala halitarudi. Ardhi yetu huuzwa mara moja tu. Kwa hiyo Jubilei yetu haina budi kuja kabla ya kuuza, wala si baada yake. Iwe ni siku ile mnunuzi mwenye maneno ya upole atakapokuja tena barazani, nasi, tukikumbuka waliotutangulia na watakaotufuata, tutamwambia kwa heshima, "Bwana, hapa hapauzwi."