Machozi Yaliyoandikwa Katika Noti
(Hotuba kwa wanakwaya, katika maandalizi ya Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Nimeombwa nieleze jinsi watunzi wa nyimbo takatifu wanavyoonyesha huzuni na toba. Nitamtaja mmoja tu, Johann Sebastian Bach, aliyeongoza muziki katika kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Mji huo si mgeni kwetu, kwa kuwa ndiko walikotumwa wamisionari wa Misheni ya Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893.

Katika Mateso ya Bwana kama alivyoyaandika Mathayo, yaliyoimbwa mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya mwaka 1727, kila Yesu anenapo, fidla na vyombo vingine vya nyuzi huyazunguka maneno yake kama nuru. Msalabani, anapolia kwamba Mungu amemwacha, nyuzi hizo hunyamaza. Mtunzi hakuongeza kelele hata kidogo. Petro naye atokapo nje na kulia kwa uchungu, neno hilo la kulia huvutwa juu ya noti nyingi, kwa sauti moja tu ya tenor.

Lakini nilipendalo kuliko yote liko mezani. Yesu asema kwamba mmoja wao atamsaliti. Kwaya yauliza kwa hofu, sauti zikikatizana, “Ni mimi, Bwana?” Neno “Bwana” lasikika mara 11, wala si 12, kwa maana Yuda atauliza peke yake baadaye. Kabla Yesu hajajibu, waingia wimbo wa kanisa, wa taratibu, wa sauti nne, ubeti wa Paul Gerhardt, nao wakiri kwamba mwenye hatia ni mimi. Swali lilielekezwa kwa Bwana, bali usharika ndio unaolijibu.

Hapo natofautiana na baadhi ya walimu wetu wa kwaya (nao wajua ninavyowapenda) wanaodhani kwamba toba ni kuongeza sauti ya spika. Kwaya yaweza kulia vizuri sana, washarika wakapiga makofi na kurudi nyumbani bila kuulizwa lolote. Nyimbo za kitabuni zikiachwa kwa kuwa eti ni za wazee, nani atajibu?

Kwa hiyo nimewaomba viongozi wa kwaya kwamba Ijumaa Kuu ya mwaka huu wa Jubilei, likiisha kusomwa Mathayo 26:22, kwaya iketi, kinanda kitoe sauti ya kuanzia, na ubeti wa toba uimbwe na washarika wote, watoto wakiwamo.