ENAFEP: shule ya karibu itangulie

Matokeo ya ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi nchini Kongo (DRC), yakitoka, mzazi wa Rumangabo, Kivu Kaskazini, hapangiwi shule na serikali. Anachagua mwenyewe, na mara nyingi macho yanakimbilia mji wa Goma. Kwa maoni yangu, shule ya karibu itangulie. Masomo ya bure yaliyoanza 2019 yanaishia shule ya msingi. Sekondari ina karo, na Goma inaongeza malazi, chakula, na barabara ambayo vita vimeifanya ya kuogopwa. Wengine watasema shule yenye jina hufungua milango. Ni kweli, lakini mwaka wa saba na wa nane masomo ni ya pamoja. Ualimu, sayansi au ufundi huchaguliwa baadaye. Wazazi, wekeni akiba kwa miaka minne itakayofuata mwaka wa nane.