Nchi Jirani: Mjane ni Nani Mbele ya Sheria ya Afrika Kusini?



Askari anapoandikishwa hutakiwa kutaja jina la mtu wake wa karibu. Jina hilo huandikwa upesi na kusahauliwa. Siku ya msiba ndipo watu huulizana mtu huyo alikuwa nani kwa marehemu, na kwa sheria ipi.

Mwaka 1998 swali la namna hiyo lilifikishwa mbele ya Mahakama Kuu mjini Pretoria na ofisa wa polisi wa Afrika Kusini, mwanamke aliyekuwa akiishi kinyumba na mwanamke mwenzake. Alitaka mwenzi wake aandikishwe katika mfuko wa matibabu wa polisi. Mfuko ulikataa, kwa kuwa kanuni zake zilimtambua mume au mke wa ndoa, mjane na watoto. Ofisa huyo alishinda. Itakumbukwa kwamba Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 1996, iliyotungwa na watu waliotoka kuonja ubaguzi wa makaburu, inakataza pia kumbagua mtu kwa sababu ya mwelekeo wake wa mapenzi.

Mlango ukawa umefunguka. Mwaka 2002 Jaji Kathleen Satchwell alidai kwamba mwenzi wake wa kike astahili mafao yale yale apewayo mume au mke wa jaji, yakiwamo ya baada ya kifo, na Mahakama ya Katiba ikamkubalia. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba mwanamume aliyefiwa na mwenzi wake wa kiume katika ajali ya barabarani anaweza kudai fidia ya kupoteza matunzo. Angalieni kwamba hadi hapo ndoa yenyewe haikuwa imeruhusiwa. Haki za mfiwa zilitangulia harusi.

Desemba 1, 2005, Mahakama ya Katiba ililipa Bunge miezi 12 kurekebisha sheria. Bunge la Taifa likapitisha muswada kwa kura 230 dhidi ya 41, na sheria ikaanza kutumika Novemba 30, 2006. Siku saba kabla yake, Mahakama ilikuwa imeamua kesi ya marehemu aliyefariki bila wosia, ambaye wazazi wake walijihesabu warithi pekee. Mwenzi wake wa kiume akatambuliwa kuwa mrithi.

Hapo pakazuka jambo la ajabu. Mwanamke aliyeishi na mwanamume bila ndoa hakuwa na haki hiyo ya urithi. Aliipata Desemba 31, 2021, katika kesi ya mwanamke ambaye mchumba wake alifariki kabla ya mazungumzo ya mahari.

Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kuwa ni ya mwanamume na mwanamke. Hata hivyo, kifungu chake cha 160 kinawadhania kuwa wameoana mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke. Dhana hiyo huweza kupingwa mahakamani, na askari aishiye kambini na mwanamke asiyemfungia ndoa ajue kwamba wapingaji huwa ni ndugu zake mwenyewe, nao huanza kabla kaburi halijakauka.