Kigeuzi cha Umeme na Kuchaji Gari kwa Haraka

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Anunuaye gari la umeme huuliza bei, na pengine umbali litakaokwenda. Ni nadra kuuliza juu ya kigeuzi, ilhali kigeuzi ndicho kiamuacho iwapo gari litachajiwa kwa nusu saa au usiku kucha.

Umeme ufikao majumbani ni wa mkondo geu. Betri haipokei ila mkondo mnyoofu. Kwa hivyo gari hubeba kigeuzi chake kidogo, aghalabu cha kilowati 3.7 hadi 11, kwani kikubwa zaidi ni mzigo na gharama. Katika kituo cha kuchaji haraka, kigeuzi hicho huachwa kando. Kazi hufanywa na kikubwa kilichosimikwa chini, cha kilowati 50, 150 au hata 350. Sehemu yake ya kwanza huunyoosha mkondo bila ya kuuvuruga umeme wa mtaa. Ya pili huzilinganisha volti na mahitaji ya betri, na betri yenyewe ndiyo iagizayo kiasi. Humo pia mna transfoma ndogo iitengayo betri na laini, kwa usalama wa mtumiaji.

Hakuna kigeuzi kisichopoteza. Kinachopokea kilowati 150 kikipoteza sehemu 5 katika 100, basi kilowati 7.5 hugeuka joto, nalo lazima litolewe. Feni zikivuta hewa ya pwani, huvuta na chumvi yake. Jambo hili laonekana dogo katika hati za zabuni, lakini si dogo.

Kilowati 50 ni sawa na birika 25 za kilowati 2 zikiwashwa kwa pamoja. Unguja hutegemea zaidi umeme upitao chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, na giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, njia hiyo ilipoharibika, halijasahauliwa. Waya wa megawati 100 wa mwaka 2013 uliongeza nafasi kubwa; haukuikuza transfoma ya kila mtaa.

Gari la ofisi lilalalo uani saa 10 hupata takriban kilowati-saa 37 kwa kigeuzi chake lenyewe cha kilowati 3.7. Kasi inawafaa zaidi wenye teksi, wasio na muda wa kusubiri. Hata kwao, kituo chaweza kuwekewa betri yake, ikajazwa polepole kwa kilowati 15 na kutoa 50 gari lifikapo, transfoma ya mtaa isihisi kishindo.