Wakili Afike Kabla ya Boti Kung'oa Nanga

Hotuba ya wakili wa Mahakama Kuu kwa mawakili vijana, wasaidizi wa kisheria na viongozi wa kamati za ufuo, kisiwani Remba



Nashukuru kwa kunialika nizungumze juu ya jambo ambalo sisi wanamageuzi hatujalipa uzito unaostahili. Mtu asiye raia anapokamatwa nchini mwetu ili arudishwe kwao, ni nani atakayesimama upande wake mbele ya hakimu? Na huyo atakayesimama, amefunzwa na nani, na anategemezwa na nani?

Remba ni mahali panapofaa kuulizia swali hili. Juu ya mwamba huu mdogo wanaishi Waluo na Wasuba pamoja na Waganda, Watanzania na wengine wa kutoka mbali zaidi, wote wakiwa wameletwa na mbuta na omena. Mvuvi huwafuata samaki waendako, na samaki hawajui ramani. Lakini Serikali ina mipaka yake na sheria yake ya uhamiaji, na siku maafisa wanapokuja kufanya msako, mtu aliyelala akiwa jirani huamka akiwa mshukiwa.

Nieleweke vyema. Sisemi kwamba dola haina mamlaka ya kumwondoa mgeni. Mamlaka hayo yapo katika sheria za kila taifa. Ninalosema ni kwamba mamlaka hayo, kama mamlaka mengine yote, sharti yatumiwe kwa mujibu wa sheria na baada ya mhusika kusikilizwa. Neno hilo ndilo tulilolipigania kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilipofutwa mnamo Desemba 1991.

Huenda mtu akauliza, haya yanahusu nini harakati za vyama vingi? Na tuitazame Zambia. Mwaka wa 1991 wananchi wa huko walikiondoa chama cha UNIP madarakani kwa kura, na Afrika nzima ikashangilia. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka wa 1994, serikali hiyo mpya iliyoletwa na vyama vingi iliwafukuza nchini wanasiasa wawili wa UNIP, William Banda na John Chinula, ikawapeleka Malawi kwa madai kwamba hawakuwa Wazambia. Banda alipata nafasi ya kupinga jambo hilo mahakamani. Chinula hakupewa nafasi hata kidogo. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka wa 1999 kwamba Zambia ilikuwa imekiuka Mkataba wa Afrika. Uamuzi huo ulitoka Chinula akiwa tayari amefariki huko Malawi.

Wala tusiwacheke Wazambia. Hapa kwetu, tarehe 6 Februari 2018, wakili Miguna Miguna, mzaliwa wa Kenya, alipakiwa kwenye ndege na kupelekwa Kanada ilhali Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru afikishwe mbele yake. Mnamo Desemba mwaka huo huo mahakama ilitamka kwamba haki zake zilikuwa zimevunjwa. Hata hivyo, alirudi nyumbani Oktoba 2022. Ikiwa mtu msomi, mwenye mawakili hodari na magazeti nyuma yake, aliweza kuondolewa hivyo, sembuse kijana wa kuvuta nyavu ambaye hana simu mfukoni?

Kuna wasemao kwamba wageni wanatumalizia samaki, basi na waende. Wazee waliomo humu watakumbuka mwaka wa 1970, serikali ya Obote ilipowafukuza Uganda maelfu ya wafanyakazi wa Kenya, wengi wao wakiwa Waluo. Watakumbuka pia mwaka wa 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90. Na tangu mzozo wa Migingo ulipopamba moto mwaka wa 2009, wavuvi wetu wenyewe wamekuwa wakikamatwa na askari wa Uganda. Tunapowataka Waganda wamheshimu Mkenya aliye mikononi mwao, tunanena kwa uso gani ikiwa Mganda aliye mikononi mwetu hana wa kumsemea? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Sasa tuiangalie sheria yetu. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 49, inampa kila mtu aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, haki ya kuwasiliana na wakili, na haki ya kufikishwa mahakamani katika muda wa saa 24, au siku ya mahakama inayofuata muda huo ukiishia nje ya saa za kazi. Haisemi kila raia. Inasema kila mtu. Kifungu cha 47 kinadai hatua za kiutawala ziwe za haki, na sababu zitolewe kwa maandishi pale ambapo haki ya mtu inaathiriwa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka wa 2011 nayo inataka amri ya kumwondoa mtu nchini iandikwe. Kwa hiyo afisa hana ruhusa ya kumfukuza mtu kwa neno la mdomo ufuoni.

Hizo ni haki nzuri, lakini zinahitaji mtu wa kuzidai, na hapo ndipo penye pengo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka wa 2016 inawataja maskini wanaostahili kupewa wakili kwa gharama ya umma: raia, mtoto, mkimbizi, mwathiriwa wa biashara ya kuuza watu, mkimbizi wa ndani na mtu asiye na utaifa. Mvuvi wa kawaida kutoka Kalangala au Ukerewe hayumo. Yeye ndiye anayekabiliwa na hatari ya kufukuzwa, na yeye ndiye aliyeachwa nje ya mlango.

Matokeo yake mnayajua. Kutoka hapa hadi mahakama ya Mbita ni safari ndefu ya boti. Mtu hufikishwa kizimbani akiwa amechoka, hana ndugu, na Kiswahili cha korti hakielewi vizuri. Anasomewa shtaka la kuwa nchini kinyume cha sheria, kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Ananong'onezewa kwamba akikubali mambo yataisha upesi, naye anakubali. Yaliyosalia ni karatasi ya kumvusha mpaka, huku mtumbwi wake, akiba yake na pengine watoto wake wakibaki kisiwani.

Mawakili wenzangu, kesi hizi hupotea katika saa zile za kwanza, kabla hata hoja ya kisheria haijatamkwa. Kwa hiyo mafunzo tunayoyahitaji yaanzie hapo. Wakili anapomkuta mtu rumande, asianze kwa kuuliza kama ana kibali. Aanze kwa kuuliza yeye ni nani.

Je, si raia? Kando ya ziwa hili jamii moja huishi pande mbili za mpaka, na kukosa kitambulisho si ushahidi wa kukosa uraia. Wapemba wa pwani yetu, wavuvi kama ninyi, waliishi Kenya kwa vizazi wakihesabiwa kuwa wageni, hadi Serikali ilipowatambua mwaka wa 2023. Je, ni mtoto? Je, alikimbia vita au mateso? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka wa 2021 inakataza kumrudisha mtu penye hatari hiyo. Je, aliletwa na wakala aliyemdanganya, akafanyishwa kazi bila malipo? Mtu akiwa katika mojawapo ya makundi hayo, mlango wa msaada wa kisheria unamfungukia, lakini polisi hawatamwuliza. Wakili aliyefunzwa ndiye atakayemwuliza.

Swali lingine ni kama anatoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inawapa watu wa nchi wanachama haki ya kuingia na kukaa kwa masharti yaliyoandikwa, na Kongo nayo imekuwa mwanachama tangu mwaka wa 2022. Kila wakili wa kanda hii aisome kesi ya Samuel Mukira Mohochi. Huyu ni wakili Mkenya ambaye Aprili 2011 alizuiwa katika uwanja wa ndege wa Entebbe na kurudishwa Nairobi bila kusikilizwa wala kupewa sababu. Alikuwa ameandamana na wanasheria wenzake kwenda kumwona Jaji Mkuu wa Uganda. Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua Mei 2013 kwamba Uganda ilikuwa imevunja Mkataba wa Jumuiya na Itifaki hiyo. Kanuni iliyomlinda wakili wa Nairobi dhidi ya Uganda inaweza kumlinda mvuvi wa Uganda dhidi ya Kenya.

Mwisho wakili aombe kuiona amri yenyewe. Iko wapi? Imetiwa sahihi na nani? Mtu huyu alisikilizwa lini? Majibu yakikosekana, njia ni kwenda Mahakama Kuu, Homa Bay au Migori, kwa ombi la dharura la kuisimamisha amri hiyo, au la kutaka mtu aliyefichwa aletwe mbele ya jaji.

Hata hivyo mafunzo pekee hayatoshi. Wakili kijana anayejitolea hulipa nauli ya boti kutoka mfukoni mwake, humtafuta mkalimani mwenyewe, naye huachwa peke yake na maafisa wasiopenda kuulizwa maswali. Tusisahau yaliyompata Willie Kimani. Juni 2016, baada ya kumtetea mteja wake dhidi ya polisi katika mahakama ya Mavoko, alitekwa na kuuawa pamoja na mteja huyo na dereva wao. Maafisa watatu wa polisi na mpasha habari mmoja walipatikana na hatia mwaka wa 2022. Anayemtuma wakili kwenye kesi za namna hii ana wajibu wa kujua aliko na kumtazamia arudi.

Haya si mambo ya ndoto. Jiji la New York, katika nchi ambayo sheria yake haimpi wakili wa serikali mtu anayekabiliwa na kufukuzwa, lilianzisha mwaka wa 2013 mpango wa kuwalipa mawakili kwa fedha za jiji ili wawatetee wahamiaji walio kizuizini. Sisi hatuna hazina ya New York, lakini hapa nyumbani tuna Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka wa 1973, kinachowatetea maskini kwa mawakili wa kujitolea, na tuna sheria inayowatambua wasaidizi wa kisheria.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, kila kamati ya ufuo imchague mtu mmoja atakayefunzwa usaidizi wa kisheria, awe na namba za mawakili, na aandike jina la kila anayekamatwa, saa, na kituo alikopelekwa. Pili, mawakili wa Mbita, Homa Bay na Migori waweke zamu, ili pasiwe na siku ya mahakama ambayo hakuna wa kuitika, na kila kijana awe na wakili mkongwe wa kumpigia simu. Tatu, iwepo orodha ya wakalimani wa Kiganda, Kijita na lugha nyingine za ziwani, na mfuko mdogo wa nauli na mafuta ya boti. Nne, sote tulidai Bunge liirekebishe Sheria ya Msaada wa Kisheria, ili mtu yeyote maskini anayekabiliwa na kufukuzwa nchini apewe wakili. Mbunge wenu atakapokuja kuomba kura, hilo na liwe miongoni mwa maswali yenu.

Ndugu zangu, mageuzi hayakukusudiwa kuwapa wenye vitambulisho peke yao ngao dhidi ya ubabe wa dola. Afisa aliyezoea kumwondoa mgeni bila kuulizwa hashindwi kumwita raia mgeni siku atakapoagizwa. Daftari la majina na orodha ya zamu ziko hapa mezani. Nawaomba mawakili waanze kujiandikisha kabla boti za jioni hazijaondoka.